Pete za Miguuni: Chuma na Ndoa katika Nchi ya Wagusii

Mtu atakaye kujua habari za zamani aghalabu huyaelekeza macho yake kwenye vitu vikubwa. Huzitazama kuta za ngome, magofu ya miji na makaburi ya wafalme, akadhani ya kuwa historia hukaa humo peke yake. Walakini yako mambo mengi ambayo ngome haiyajui. Ngome haiwezi kutuambia nani alimwoa nani, ng'ombe wangapi walitolewa, wala mtoto fulani alihesabiwa kuwa wa nyumba gani. Kwa mambo kama hayo hatuna budi kutazama vitu vidogo zaidi. Na miongoni mwa vitu vidogo, mapambo ya madini ni shahidi mwema.

Pambo lina kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kupendeza macho. Kazi ya pili ni kuonyesha mali, maana madini hayapatikani bure. Kazi ya tatu, ambayo watu wengi huisahau, ni kumtambulisha aliyelivaa: ni nani, ni wa nani, na ana haki gani mbele ya wenzake. Katika insha hii tutalitazama pambo moja la nchi ya Wagusii, yaani pete za chuma ambazo wanawake walioolewa walizivaa miguuni. Kwa lugha ya Ekegusii pete hizo huitwa ebitinge, na iliyo moja huitwa egetinge. Tutauliza zilitengenezwaje, zilisema nini, na kwa nini zimetoweka. Na mwisho tutauliza swali lililo gumu kuliko yote: je, zilikuwa pambo, au hati, au pingu?

Ili tupate kipimo cha kulinganishia, na tuanzie mbali kidogo. Katika Ulaya ya zama za kati, hasa tangu karne ya 12 hata karne ya 15, farasi wa mtu mkubwa alipambwa kama bwana harusi. Kwenye ukanda wa kifuani na kwenye mikanda ya mgongoni vilitundikwa vibati vidogo vya shaba, ambavyo vingi havikuzidi sana ukubwa wa sarafu. Vingine vilipakwa dhahabu. Vingine vilijazwa rangi nyekundu au samawi iliyotokana na kioo kilichoyeyushwa. Juu ya vibati hivyo ilichorwa nembo ya ukoo wa mwenyewe: pengine simba, pengine ndege, pengine ua. Farasi alipopita njiani, vibati vilicheza na kung'aa, na watu waliosimama kando wakajua mara moja kwamba mnyama huyu na mpandaji wake ni wa nyumba ya bwana fulani. Wengi wa watu hao hawakujua kusoma kitabu, lakini walijua kusoma shaba.

Ni jambo la kupendeza kwamba Kiswahili kimeyaona mapambo ya farasi na mapambo ya binadamu kuwa ndugu. Neno "kikuku" lataja pete ya mkononi au ya mguuni. Na neno hilo hilo lataja kile chuma kilichoning'inia kwenye tandiko, ambacho mpanda farasi hutia mguu wake. Watu wa pwani, waliowaona farasi wa Waarabu na kuzijua pia pete za fedha za wake zao, walitosheka na neno moja kwa vitu vyote viwili.

Lakini farasi hakuwa mnyama wa nchi ya Wagusii. Sababu si ujinga wa watu, bali ni maradhi. Katika Afrika ya Mashariki mbung'o huchukua ugonjwa ambao huwaua farasi upesi. Na Bonde la Lambwe, lililo upande wa magharibi karibu na Ziwa Victoria, lilisifika kwa mbung'o kwa miaka mingi. Yako pia maradhi mengine ya farasi, yanayoenezwa na wadudu wadogo warukao usiku, ambayo yakiingia zizini huacha mizoga. Kwa hiyo mhunzi wa Kigusii hakuwa na farasi wa kumpamba. Ustadi wake wote uliishia katika jembe, mkuki, kisu, na mwili wa binadamu.

Nchi yenyewe ni ya milima. Leo hii imegawanyika katika kaunti mbili, Kisii na Nyamira, zilizoanza kazi zake mwaka 2013 chini ya Katiba ya mwaka 2010. Na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kisii na watu 605,576 katika Nyamira. Mji wa Kisii uko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na vilima vingine hupita mita 2,000. Mvua ni nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka mahali pengi, na udongo una rutuba. Mto Gucha huichukua mvua hiyo na kuipeleka ziwani. Wagusii, au Abagusii kama wanavyojiita wenyewe, husimulia kwamba babu zao walipita nchi tambarare ya Kano kabla ya kupanda milimani, na kwamba huko milimani waligawanyika katika makabila madogo kama vile Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Bassi, Majoge na Wanjare. Hawakuwa na mfalme mmoja. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake, na mashauri yao ndiyo yaliyokuwa serikali.

Nchi kama hiyo yahitaji chuma. Asiye na jembe hawezi kuvunja udongo mzito wa mlimani, wala asiye na shoka hawezi kufyeka msitu. Na tuieleze kazi yenyewe, maana hapo ndipo tutakapoona kwa nini pete ya chuma ilikuwa na thamani. Katika Afrika ya Mashariki wahunzi wa kale waliyaokota mawe au mchanga wenye chuma, wakaupanga pamoja na makaa ya miti katika tanuri la udongo, kisha wakavuta mivukuto bila kupumzika. Moto wa tanuri kama hilo huweza kufika joto la kadiri ya digrii 1,200. Shaba huyeyuka kwa digrii 1,085, kwa hiyo mafundi wa Ulaya waliweza kuimimina katika kalibu na kutoa vibati vingi vya farasi vinavyofanana. Bali chuma safi hakiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,538. Ndiyo maana katika tanuri la mkaa hakikutoka kama maji. Kilitoka kama sifongo zito, kimechanganyika na mavi ya chuma, nacho sharti kipigwe nyundo tena na tena mpaka uchafu ukatoka wote. Kila pete ya chuma, basi, ilifuliwa moja moja kwa mkono. Hapakuwa na pete mbili zilizo sawasawa kabisa.

Chuma hakikukaa mahali pamoja. Wasamia, walioko kaskazini ya ziwa, walikuwa mafundi mashuhuri wa majembe, na majembe yao yalisafiri mbali katika nchi ya Wajaluo. Wagusii nao walikuwa na wahunzi wao, na kati yao na jirani zao Wajaluo palikuwa na biashara ya zamani. Wagusii walishusha wimbi na vyombo vya chuma. Wajaluo walipandisha mifugo, chumvi, vyungu na vikapu. William Ochieng', mwanahistoria wa Kenya aliyechapisha kitabu chake cha historia ya Wagusii mwaka 1974, ameionyesha wazi biashara hii. Tukumbuke ya kuwa mataifa hayo hayo yaliyobadilishana jembe kwa ng'ombe yalipigana pia mara kwa mara. Soko na vita vilikuwa majirani.

Sasa na tuingie katika habari ya ndoa, maana hapo ndipo chuma kilipoacha kuwa chombo kikawa neno. Kwa desturi ya Wagusii, mtu haoi katika ukoo wake mwenyewe. Mke hutoka kwa watu wengine, pengine kwa watu waliopigana nao mwaka jana. Hata wazee wakasema kwamba wale tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Ndoa basi ilikuwa daraja lililojengwa juu ya mto wa uadui, na daraja kama hilo lahitaji nguzo imara. Nguzo hiyo ilikuwa ng'ombe. Baba wa kijana alitoa ng'ombe za mahari, na tangu hapo watoto wote atakaowazaa mwanamke yule walihesabiwa kuwa wa nyumba ya mumewe. Hata mume akifa, na mjane akikaa na ndugu wa marehemu, watoto waliozaliwa baadaye waliitwa kwa jina la yule aliyekufa, kwa sababu ng'ombe walitolewa kwa ajili yake.

Na ng'ombe hao hawakulala zizini kwa baba wa msichana. Aghalabu walitumika kumwolea kaka yake mke. Mtoto wa kike alipoolewa, kaka yake wa tumbo moja alipata njia ya kuoa. Na mke wa kaka naye alileta ng'ombe kwao, ambao walimwoza mwingine. Ng'ombe mmoja aliweza kuunganisha nyumba tatu au nne zilizo mbali mbali. Kwa hiyo ndoa moja ikivunjika, na ng'ombe wakatakiwa kurudi, palitikisika nyumba nyingi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Baada ya mahari kutolewa na mke kukaa kwa mumewe, kulikuwa na sherehe kubwa iliyoitwa enyangi. Si lazima ifanywe siku ile ile. Pengine miaka ilipita, na watoto wakazaliwa, mpaka wenyewe walipopata uwezo wa kuchinja, kupika pombe na kuwakaribisha watu wa pande zote mbili. Katika sherehe hiyo ndipo mwanamke alipovishwa ebitinge miguuni mwake. Tangu siku ile, ndoa yake ilihesabiwa kuwa imekamilika. Pete hizo hazikukusudiwa kuvuliwa jioni kama shanga za ngoma. Zilikaa mguuni wakati wa kulima, wakati wa kuteka maji, wakati wa kulala na wakati wa kuzaa. Mwanamke aliyeziondoa kwa hiari yake alikuwa ametamka neno kubwa kuliko tusi: alikuwa amesema kwamba ndoa imekwisha.

Na tuisome sasa pete hiyo kama tusomavyo karatasi ya mahakama. Kwanza, ilishuhudia kwamba ng'ombe wametolewa na kupokewa, maana enyangi haikufanywa bila mahari. Pili, ilishuhudia kwamba koo mbili zimekula pamoja mbele ya watu wengi, na hakuna atakayeweza kukana baadaye. Tatu, ilishuhudia kwamba mwanamke huyu ana nyumba yake. Jambo hili la tatu lilikuwa kubwa, kwa kuwa katika mji wa Kigusii kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba yake, na wana wake walirithi katika mashamba ya mama yao wala si ya mke mwenzie. Mwanamke aliyepita njiani na pete zake alikuwa kama mtu anayetembea na hati ya shamba lake mguuni.

Katika nchi isiyokuwa na maandishi, hati kama hiyo ilikuwa na akili nyingi ndani yake. Karatasi huungua, huliwa na mchwa, hughushiwa. Pete ya chuma haikuweza kuibwa mguuni bila mwenyewe kujua, wala haikuweza kuvaliwa kwa siri, kwa sababu kila mtu kijijini alijua ilivaliwa siku gani na fahali gani alichinjwa. Wino wake ulikuwa kumbukumbu ya watu.

Lakini hapa msomaji mwenye busara atasimama na kuuliza. Kibati cha shaba kwenye kifua cha farasi kilitangaza kwamba farasi ni mali ya bwana fulani. Je, pete ya chuma kwenye mguu wa mwanamke haikusema neno lilo hilo? Chuma mguuni, kisichovuliwa, si pingu hicho?

Swali hili halifai kukwepwa, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Ziko hoja za upande mmoja. Mume hakuvaa pete ya namna hiyo. Mume aliweza kuoa mke wa pili na wa tatu, na mguu wake ukabaki mtupu. Bali mke alitakiwa kukaa na mume mmoja. Msichana aghalabu hakuulizwa sana kuhusu mume aliyechaguliwa. Na mwanamke aliyetaka kuondoka alijua ya kwamba ng'ombe za ndugu yake zitadaiwa, hata baba yake mzazi akamsihi arudi kwa mume asiyempenda. Uzito huo haukuwa wa chuma tu.

Ziko pia hoja za upande wa pili, nazo ni za kweli vile vile. Farasi hana haki kwa bwana wake. Akizeeka huuzwa au huuawa. Mke mwenye ebitinge alikuwa na haki ambazo mumewe hakuweza kumnyang'anya bila aibu na bila ugomvi na wakweze. Alikuwa na nyumba, mashamba, ghala, na heshima mbele ya wanawake wenzake. Wanawe walikuwa na urithi uliojulikana. Ukoo wa mumewe ulifungwa kwa pete ile kama yeye alivyofungwa, ila wao hawakuuona uzito wake kila walipotembea. Nasi tusidhani kwamba wanawake wa zamani walizivaa kwa machozi daima. Kukosa enyangi ndiko kulikokuwa huzuni, kwa maana kulimwacha mwanamke katika ndoa iliyokuwa kama nyumba isiyoezekwa.

Kwa hiyo jibu la haki ni kwamba zilikuwa pambo na hati na pingu kwa pamoja, na kwamba kila mwanamke alijua mwenyewe ni ipi kati ya tatu iliyomwelemea zaidi. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuchagua moja na kuzificha nyingine. Akisema ni pambo tu, amedanganya kwa kusifu. Akisema ni pingu tu, amedanganya kwa kulaumu.

Na tuone sasa jinsi desturi hii ilivyopungua. Mabadiliko yalianza kabla Wazungu hawajakaa nchini. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika ya Mashariki na kuua ng'ombe wasiohesabika. Na ng'ombe wakipungua, mahari hutikisika. Mwezi Desemba 1901 reli ilifika Kisumu, ikaleta majembe na waya kutoka ng'ambo kwa bei ambayo mvuta mivukuto hakuweza kushindana nayo. Tangu zamani misafara ya pwani ilikuwa ikichukua masango, yaani waya nene za shaba, kuwa fedha ya kununulia vitu barani. Sasa waya ilikuja kwa behewa zima. Tanuri za kale zikazimika moja baada ya nyingine, na wahunzi wakabaki kufua chuma cha wageni.

Mwaka 1907 Waingereza waliweka kituo cha serikali mahali palipo mji wa Kisii leo. Mwezi Januari 1908 kijana mmoja, Otenyo Nyamaterere, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Bwana Northcote, naye akapona. Na wazee husimulia kwamba aliyewachochea vijana wakatae kutawaliwa alikuwa mwanamke, Moraa wa Ng'iti. Serikali ilipeleka askari, nyumba zikachomwa, watu wengi wakauawa, na ng'ombe maelfu wakachukuliwa. Katika vitabu vingi jambo hili huhesabiwa kuwa habari ya vita. Lakini mtu aliyeielewa ndoa ya Wagusii atatambua kwamba ng'ombe waliochukuliwa siku zile walikuwa pia mahari za vijana ambao hawajaoa bado.

Kisha ikaja kodi ya nyumba. Serikali ilihesabu nyumba, nayo ikataka fedha kwa kila moja; na maadamu kila mke alikuwa na nyumba yake, mwenye wake wengi alilipa zaidi. Vijana wakaenda kutafuta rupia, na baadaye shilingi, katika mashamba ya Wazungu, hasa mashamba ya chai ya Kericho yaliyopanuka tangu miaka ya 1920. Fedha ikaanza kusimama mahali pa ng'ombe. Kiasi cha mahari kikapanda na kushuka, wazee wakalalamika, na katika miaka ya 1940 mahakama na mabaraza yalijaribu kuiwekea mpaka. Philip Mayer, mtaalamu wa desturi za watu, aliyaandika mambo haya na kuyachapisha mwaka 1950. Baada yake Robert na Barbara LeVine walikaa katika nchi ya Wagusii tangu mwaka 1955 hata mwaka 1957, wakaandika habari za nyumba, malezi na harusi. Maandishi ya watu hao ni hazina, kwa kuwa wakati ule wanawake wenye ebitinge walikuwa wakionekana bado.

Dini nayo ilileta alama nyingine. Kati ya mwaka 1911 na mwaka 1913 Wakatoliki walianzisha misheni ya Nyabururu, na Waadventista wa Sabato wakaanzisha ya Nyanchwa. Padre wa Kikatoliki alibariki pete ndogo ya kidoleni. Waadventista, ambao huwafundisha waumini wao kuacha mapambo ya mwili, hawakuitaka pete ya mguuni. Juu ya hayo yote mawili kulikuwa na cheti cha ndoa, karatasi yenye sahihi na muhuri. Msichana aliyesoma skuli, akavaa viatu, akatarajia kufundisha au kuuguza wagonjwa, hakuona njia ya kuunganisha maisha hayo na chuma cha mguuni. Hapakutolewa amri moja iliyozikomesha ebitinge. Ziliachwa kidogo kidogo, binti akikataa kile alichokivaa mama yake, mpaka sherehe kamili ya enyangi ikawa jambo la kusimuliwa tu.

Hata hivyo haja iliyozizaa pete hizo haikufa. Watu wangali wanataka ushahidi kwamba ndoa ipo, kwamba mali imetolewa, na kwamba watoto wana kwao. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila, nayo inataka ziandikishwe serikalini. Mjane ambaye leo anadai shamba la marehemu mumewe, na shemeji zake wakamkana, huulizwa cheti. Asipokuwa na cheti huwatafuta mashahidi waliokula karamu ya mahari. Bibi yake asingaliulizwa kitu; angalinyoosha mguu tu.

Ziko wapi basi pete zenyewe? Hapa tofauti kati ya shaba ya Ulaya na chuma cha Kigusii yarudi tena. Vibati vya farasi vilikatika njiani na mashambani, vikaanguka matopeni. Shaba haili kutu ya kuimaliza. Hugeuka kijani, ikasubiri. Ndiyo sababu wakulima na watafutaji wa Uingereza wameviokota kwa maelfu katika mashamba yao baada ya miaka 600 na 700, na rangi ya nembo ingalipo. Chuma hakina subira hiyo. Katika udongo wenye maji mengi wa Kisii na Nyamira, pete iliyofukiwa hugeuka kutu nyekundu inayofanana na udongo uliokizunguka. Na zile ambazo hazikufukiwa ziliweza kurudi motoni, maana chuma cha pete kinafaa kwa kisu au jembe. Pambo la bibi likawa jembe la mjukuu, na jembe likalika shambani mpaka likaisha.

Kwa sababu hiyo, ushahidi mkubwa uliobaki hauko ardhini, bali uko vinywani. Mwanamke aliyevishwa ebitinge akiwa kijana katika miaka ya 1950 amekuwa mkongwe sana leo. Ninyi mnaosoma katika skuli za sekondari, hasa ninyi wa Kisii na Nyamira, mna bahati ambayo wataalamu wa vibati vya farasi hawakuipata: hawawezi kumuuliza mpanda farasi hata mmoja. Basi mwendeeni bibi mwenye umri mkubwa, mkae chini kwa adabu, mmuulize. Nani alizifua pete zake, au za mama yake? Zilikuwa nzito kiasi gani? Siku ile ya enyangi alicheka au alilia? Ng'ombe wake walimwolea kaka yupi? Zilivuliwa lini, na nani, na zikawekwa wapi? Andikeni jibu kama alivyolitamka, pamoja na jina la kijiji na mwaka kama wajulikana, wala msilirekebishe ili lipendeze. Mkiambiwa kwamba pete zilikuwa fahari, andikeni. Mkiambiwa kwamba ziliumiza mguu, andikeni pia.

Taifa linalotunza picha za majemadari wake na kuzisahau pete za mama zake limeandika nusu ya historia yake. Nusu ya pili ingali yaweza kuandikwa, lakini wakongwe walio nayo wanapungua kila mwaka, na wakiondoka hakuna mkulima atakayeiokota shambani.